Amejichora hana mikono: je, mdogo wangu anaumwa?

*Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Alikuwa anasoma sanaa chuoni, mwaka jana akasimama kwa sababu ya ada. Tangu Januari anafanya kazi sheli, mara nyingi zamu ya usiku. Wiki iliyopita alitundika sebuleni picha aliyojichora mwenyewe: amesimama na ovaroli ya kazini, uso wa kijani, macho hayana mboni, na mikono yote miwili imekatwa kwenye kiwiko. Mama aliangua kilio. Anasema hilo ni pepo, twende kwenye maombi na picha ichomwe. Mdogo wangu anajibu kwa mkato tu kwamba amemfuata mchoraji wa Kijerumani anayeitwa Kirchner. Nikaitafuta hiyo picha ya Kirchner, nikaona amejichora askari aliyekatwa mkono. Sehemu moja nilisoma kwamba mkono aliupoteza vitani, nyingine ikasema hakuwahi kukatwa chochote. Sasa alikuwa anadanganya? Halafu mbona uso wake hauna hata uchungu, anavuta sigara tu? Nimesoma pia kwamba mwishowe alijiua, na tangu hapo silali. Je, picha ya namna hii ni dalili? Nimpeleke hospitali, au ni sanaa tu? Na picha tuiondoe sebuleni?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usingizi uliokupotea. Nimefundisha uchoraji miaka mingi, kwa hiyo upande wa picha nitakujibu bila kusitasita. Upande wa afya ya mdogo wako nitakwambia ninachokijua na mahali ninapoishia, maana mimi si daktari.

Jambo moja lisisubiri hadi mwisho. Kama mdogo wako amewahi kusema kwamba amechoka kuishi, au kwamba bora asingekuwepo, au umeona mwilini mwake alama za kujiumiza, acha kusoma. Usimwache peke yake, mpeleke leo hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku. Kama hakuna lolote kati ya hayo, kaa chini, tuitazame picha.

Maswali yako ni mengi lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba picha ni kama majibu ya maabara, ukijua kuyasoma utajua ugonjwa ulioko ndani ya aliyeichora. Hofu hiyo naielewa, tena hata wasomi wengi wa sanaa wameishi nayo. Ila si hivyo picha inavyofanya kazi, na hakuna anayeonyesha jambo hilo vizuri kuliko huyohuyo Kirchner.

Ernst Ludwig Kirchner alizaliwa mwaka 1880. Mwaka 1905, akiwa Dresden, yeye na wenzake watatu waliokuwa wakisomea usanifu wa majengo walianzisha kundi la wachoraji lililoitwa Die Brücke. Walikuwa vijana waliochoshwa na picha zinazosifiwa kwa sababu tu zimefanana na kitu kilichochorwa. Wao walitaka rangi na mistari ibebe namna kitu kinavyomgusa mtu: uso ukihitaji kuwa wa njano utakuwa wa njano, mwili ukihitaji kurefuka utarefuka. Wao na wengine waliofuata njia hiyo ndio tunaowaita wachoraji wa ekspreshonizimu.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, vita ileile iliyofika Tanga Novemba 1914 na kuwasomba babu zetu kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi ya watu wengine. Kirchner aliingia jeshini mwaka 1915, akapelekwa mji wa Halle kufunzwa katika kikosi cha mizinga. Mstari wa mbele hakufika. Afya yake ilivunjika, ya mwili na ya akili, na kabla mwaka haujaisha jeshi likamruhusu aondoke. Mkono wake haukuguswa na risasi wala upanga. Aliyeandika kwamba aliupoteza vitani aliiangalia picha akaigeuza kuwa habari.

Picha yenyewe, Kirchner aliyojichora kama askari, ni ya mwaka huohuo wa 1915. Fikiria maana yake: mkono ulioshika brashi na kuchora kile kigutu chenye damu ndio mkono unaoonyeshwa umekatwa. Kwa hiyo si uongo. Mwongo huficha ushahidi, na hapa ushahidi ndio picha yenyewe. Waliomjua walijua mikono yake ni mizima. Alichokuwa anakieleza ni jambo ambalo mwili mzima usingeweza kulionyesha, yaani kwamba ndani ya ile sare yeye kama mchoraji amekwisha. Mwaka huohuo alichonga chapa za hadithi ya zamani ya mtu aliyeuza kivuli chake, na humo pia hofu ni ileile ya mtu kuachana na sehemu ya nafsi yake akabaki anatembea.

Sasa ifungue picha kwenye simu, tuipitie pamoja. Usibishane sana na kivuli cha rangi, maana kila kioo cha simu kina kijani chake. Picha halisi ina urefu wa sentimita 69 na upana wa sentimita 61, si kubwa, na ipo katika jumba la sanaa la chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Marekani.

Wewe umeanza na uso ukakwama. Anza na mwili. Ona sare ilivyo nzito, buluu ya kiza, na begani namba ya kikosi, 75, inayosomeka bila shida. Kitu cha kwanza ambacho picha inakupa kuhusu huyu mtu ni namba. Kisha ngozi: ya njano, imekonda, imebana kwenye mifupa. Nguo ina nguvu kuliko mwenye nguo.

Nenda kwenye kigutu. Kimeinuliwa mbele, karibu kabisa na wewe unayetazama, hukwepi. Nyama yake ni nyekundu na mkono wenyewe umeingiwa na kijani, kama donda lililoanza kuoza. Ukikutana na watu watakaokupa orodha kwamba kijani ni matumaini na nyekundu ni mapenzi, wasikilize kwa adabu kisha uendelee na shughuli zako. Kijani cha bendera ya msikitini na kijani cha mkono huu havina undugu. Rangi husomwa kwa jirani yake. Nyekundu na kijani zikikaa bega kwa bega, kila moja huifanya nyenzake iwake, jicho linahangaika halipati pa kutua, na lile hangaiko unalolisikia wewe ndilo mchoraji alilolipanga. Uchungu uliokuwa unautafuta usoni ameuweka pale.

Nyuma yake amesimama mwanamke asiye na nguo. Huyo ni mtu aliyekuja kuchorwa. Kirchner kabla ya vita alichora wanawake wa namna hiyo mara nyingi sana, na chumba chake cha kazi kilikuwa mahali pa uhuru, pa marafiki, pa mwili usioonewa haya. Katika picha hii mwanamke yupo, chumba kipo, na kwa nyuma kuna kinachoonekana kama turubai lililoegemezwa ukutani. Kazi yote inamsubiri. Yeye amempa mgongo, hawatazamani, na hana mkono wa kumchorea.

Ndipo sasa rudi usoni. Macho hayana mboni. Ni mashimo ya rangi ya kiza inayoielekea buluu ya sare, kana kwamba jeshi limeshaingia hadi ndani ya kichwa. Mchoraji anahitaji vitu viwili, jicho na mkono. Vyote viwili vimeondolewa, na sigara ikaachwa mdomoni inaning'inia, kwa sababu kuvuta sigara hakuhitaji ama jicho ama mkono.

Unauliza kwa nini hakuna uchungu usoni. Umeshakwenda misibani. Unamjua yule mjane anayekaa kwenye mkeka anatazama ukuta wakati wanawake wenzake wanalia mpaka sauti zinakauka. Hakuna anayesema haumwi. Wazee ndio humwangalia yeye zaidi, wakinong'onezana kwamba mwacheni, bado hajalia. Kirchner angeweza kujichora amepasua mdomo kwa yowe, na sisi tungemwonea huruma tukapita. Uso uliozimika unatunyima njia hiyo rahisi. Kwa hiyo unapotazama picha ya aina hii, usitafute machozi. Tazama mgongo umekaaje, bega liko juu au limeanguka, mikono iko wapi, watu waliomo wanatazamana au kila mmoja yuko kivyake, chumba kina nafasi au kinamkaba mtu, rangi gani imewekwa kando ya rangi gani. Hata ile picha maarufu ya Munch, mchoraji wa Norwei, ya mwaka 1893, ambayo kila mtu anasema ni mtu anayepiga yowe, itazame tena: kiumbe yule ameziba masikio. Munch mwenyewe aliandika kwamba alihisi yowe likipita katika maumbile yote. Mdomo ulio wazi umetufanya wengi tusione mikono.

Hapo utaniambia, sawa Mwalimu, lakini uchungu wote huu si unatoka kwa mtu? Si alikuwa anaumwa kweli? Alikuwa anaumwa. Baada ya jeshi alilazwa kwa vipindi katika nyumba za matibabu Ujerumani na Uswisi, alitumia vibaya pombe na dawa za usingizi, na kufikia mwaka 1917 kuna wakati viungo vyake viliingiwa na kupooza hata kuandika ikawa taabu. Watu wapendao miujiza husema mkono uliokatwa ulitabiri kupooza huko. Mimi siamini, na nakusihi nawe usianze kutafuta utabiri kwenye picha ya mdogo wako.

Sababu ya kutoamini kwangu ni mchoraji mwingine, Käthe Kollwitz, Mjerumani wa zama hizohizo. Mwaka 1903 alichapa picha ya mama amekaa chini amekunja miguu, amemkumbatia mwanawe aliyekufa, uso ameuzamisha kifuani mwa mtoto kama mnyama anayemnusa mwanawe. Ni katika picha za majonzi zinazotisha kuliko zote ninazozijua. Mtoto wa Kollwitz aitwaye Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Ukimwonyesha mtu picha hiyo na ukamwambia habari ya Peter, mara moja atasema, basi huyu ni mama anamlilia Peter. Hesabu miaka. Picha imetangulia kifo kwa miaka 11. Tena kielelezo chake alikuwa Peter mwenyewe: Kollwitz alikaa mbele ya kioo, akampakata mwanawe wa miaka saba aliye hai na mwenye afya, akajichora. Kazi ilikuwa ya kuchosha akawa anaguna, na mtoto akamtuliza, akamwambia anyamaze, picha itakuwa nzuri sana. Yaani majonzi yale makubwa yalitengenezwa na mama ambaye mtoto wake alikuwa mzima mapajani.

Hilo halimfanyi kuwa mnafiki. Mume wake alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi maskini wa Berlin, na vifo vya watoto alikuwa akiviona kwa majirani. Ninachotaka ukione ni kwamba mateso kwenye picha hutengenezwa. Mtu anachagua mkao, anafuta, anarudia, anachanganya rangi, anasogea nyuma kutazama, anarudi. Malighafi inaweza kuwa maisha yake, ya jirani, hofu ya kesho, au picha ya mtu mwingine aliyoipenda. Ukitazama picha iliyokamilika huwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Unaweza kusema kwa uhakika kwamba picha hii inaongea kuhusu kupoteza mkono. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba aliyeichora yuko hatarini. Vilevile, na hili lisikupite, huwezi kusema kwa uhakika kwamba yuko salama.

Kuhusu kifo cha Kirchner, najua ndicho kinachokukosesha usingizi. Ni kweli alijiua, Juni 1938, akiwa na miaka 58, karibu na Davos nchini Uswisi. Lakini kutoka picha ile hadi siku ile ni miaka 23. Katikati kuna mamia ya kazi, milima, wafugaji, maonyesho, na maisha pamoja na mwenzi wake. Na mwaka mmoja kabla ya kifo, utawala wa Wanazi ulikusanya zaidi ya kazi zake 600 kutoka makumbusho ya Ujerumani. Baadhi zilitundikwa Munich, Julai 1937, katika maonyesho ya kudhihaki sanaa waliyoiita potovu. Picha yetu hii ilikuwemo, imepachikwa jina la matusi, Askari na Kahaba. Mojawapo ya hoja za waandaaji ilikuwa kwamba anayechora watu hivi ni mgonjwa wa akili. Mtu anapokufa hivyo sababu huwa nyingi na hakuna anayeweza kuzipima kutoka nje, lakini kati ya zote, kujichora na kigutu mwaka 1915 nisingeiweka hata mwishoni mwa orodha.

Mama simlinganishi na watu wale hata kidogo. Yeye amelia kwa sababu amemwona mwanawe amekatwa, na hicho ndicho kilio cha mama popote. Ila mwambieni kwa upole kwamba kupinda mwili wa binadamu ili kuonyesha kisichoonekana si jambo lililoshuka na Wazungu. Kirchner na wenzake walikuwa wakienda kwenye jumba la makumbusho la Dresden kutazama vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, vingi vikiwa vimefika huko miaka ya ukoloni, na mengi waliyojifunza kuhusu nyuso walijifunza hapo. Sisi wenyewe tuna vinyago vya shetani vya Wamakonde, mtindo unaotajwa kuanza na Samaki Likankoa miaka ya 1950: jicho moja, tumbo limetoboka, mguu umeota kichwani. Vinauzwa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, mchana kweupe, na sijasikia mchongaji hata mmoja aliyepelekwa kuombewa kwa ajili hiyo.

Tuje sasa sebuleni kwenu. Umenieleza uso wa kijani na mikono iliyokatwa kwa mshangao, lakini ovaroli umeitaja kwa kupita tu, na ndiyo iliyonishtua. Mdogo wako hakumwiga Kirchner ovyo. Ameielewa picha ile kuliko wengi waliopata alama nzuri kwangu. Kirchner alivaa sare ya jeshi na akapoteza mkono wa kuchorea. Yeye amevaa sare ya sheli na amepoteza mikono yote miwili. Macho yamezimika kwa wote wawili. Ukiniuliza mimi, bila kumjua, nitasema picha inaongea kuhusu ada iliyokwama, zamu za usiku, na binti anayerudi alfajiri mikono ikinuka petroli akitazama rangi zake bila nguvu ya kuzifungua. Kama nimepatia, mikono imekatwa na kazi, kwenye picha. Kwenye maisha mikono hiyohiyo ilipata usiku mmoja au miwili ikachora.

Lakini hiyo ni tafsiri ya mtu aliye mbali, na mwenye jibu mnakula naye sahani moja. Muulize. Tatizo ni namna ya kuuliza. Ukianza na "kwa nini umejikata mikono?" atajifunga, kwa sababu swali hilo limeshatoa hukumu. Umesema anajibu kwa mkato. Nadhani ni kwa sababu tangu picha ipande ukutani hakuna aliyemuuliza habari za picha, wote wamemuuliza habari za pepo. Muulize kama unavyomuuliza fundi kuhusu kazi yake. Kijani hiki umekipataje? Ulianza na uso au na ovaroli? Ni sehemu gani iliyokusumbua zaidi? Kwa nini viwiko na si vifundo, wakati Kirchner yeye alikata kiganja? Na swali ambalo mimi ningelitaka kuliko yote: kwa nini umeitundika sebuleni na si chumbani kwako? Mtu anayetundika sebuleni anataka ionekane. Ukimsikiliza bila kumkatiza atatoka kwenye rangi na kuingia kwenye maisha mwenyewe, bila wewe kumsukuma.

Kisha muulize moja kwa moja kuhusu kile unachokiogopa. Watu wengi wanadhani ukimuuliza mtu kama ana mawazo ya kujiua utampandikizia. Si kweli, na wataalamu wa afya ya akili wanahimiza kuuliza waziwazi. "Mdogo wangu, umewahi kufikia mahali ukatamani kufa?" Sema hivyohivyo, kwa sauti yako ya kila siku, halafu nyamaza usikilize. Akikujibu ndiyo, usimhubirie wala usimwambie anamkosea Mungu. Kaa naye, na nendeni hospitali pamoja.

Usipopata jibu la kukutuliza, achana na picha umtazame yeye. Dalili za sonona hazisomwi ukutani, zinasomwa kwenye siku za mtu. Kama kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni au ubaridi usiomtoka karibu kila siku, ameacha kufurahia vitu alivyovipenda, hali chakula au anakula kupita kiasi, hasinzii hata siku ya mapumziko, anajiona hana thamani, amejitenga na marafiki, anagawa vitu vyake, ameanza pombe au vidonge, hapo msisubiri. Usingizi pekee usikudanganye, maana kazi ya usiku humvuruga hata aliye na furaha zake. Na kuchora kwake kunanipa moyo, kwa kuwa wengi wanaozama kwenye sonona huacha kwanza kile walichokipenda, lakini si kinga. Kirchner alichora katikati ya ugonjwa.

Anzeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, mkaulizie huduma ya afya ya akili au ushauri nasaha. Kwa walioko Dar es Salaam kuna Muhimbili, kwa walioko Dodoma kuna Mirembe, na Nairobi kuna Mathari. Msione haya ya majina hayo; watu huingia na kutoka siku hiyohiyo wakiwa na dawa au tarehe ya mazungumzo. Mkifika mweleze daktari kuhusu usingizi, chakula na maneno anayoyasema. Picha mnaweza kuitaja ikiwa mdogo wako mwenyewe anataka, isiwe ushahidi wa mashtaka mnayompelekea.

Maombi mama akiyataka, na mdogo wako akikubali, yafanyike. Yanaweza kumpa mama utulivu na binti akajua anapendwa. Yasiwe badala ya hospitali pale hospitali inapohitajika, na yasifanywe mbele ya ile picha kama kesi. Kumkataza kuchora ndiyo njia ambayo siiafiki kabisa. Mtu amewaambia mikono yake imekatwa, nanyi mkamnyang'anya brashi?

Kinachoweza kusaidia zaidi ya vyote huenda ni kidogo kuliko mnavyofikiri. Ongea naye kama anaweza kuomba zamu za mchana hata kwa wiki kadhaa kila mwezi. Ulizeni chuoni kama mtu aliyesimama kwa ada anaweza kurudi kwa kulipa kidogo kidogo. Wakati mwingine njia ipo na hakuna aliyewaambia. Mtafuteni mwalimu aliyemfundisha, amwonyeshe kazi hii. Mkiwa Dar, mpeleke Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, akakutane na wachoraji wenzake wanaohangaika na turubai na kodi ya nyumba kwa wakati mmoja. Kuna mambo kuhusu picha hii ambayo wewe na mama hamwezi kumwambia hata mkimpenda vipi, kwa mfano kwamba pale shingoni ovaroli imemshinda, na atafurahi kuyasikia kuliko pole zenu.

Kuhusu kuiondoa: isichomwe, na isiondolewe akiwa kazini. Mama ana haki ya kula chakula chake bila kutazama mwanawe amekatwa mikono, na mchoraji ana haki ya kutoamka akakuta ukuta mtupu. Wakalisheni wote wawili waamue, labda ihamie ukuta wa koridoni au wa chumba chako. Ikishushwa, ashushe yeye. Na kama ametumia rangi ya mafuta, tena kwa tabaka nene, msiifunge kwa nailoni wala kuisukumia uvunguni. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kukauka.